Swali la Ishirini na Saba

Sogeeni, sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye uji jikoni akauepue kabisa, na mwenye jibu tayari alimeze kwanza, maana hadithi hii imewashinda watu wenye digrii mbilimbili.

Palikuwa na watu wanne katika chuo kimoja cha udaktari, kiko mji wa baridi, hospitali yake iko hapohapo, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Akwilina alijua kuuliza. Hakuwa daktari, alisomea ualimu, na kazi yake chuoni ilikuwa kutunga madodoso, yale makaratasi ya maswali, ili chuo kijue wanafunzi wamefundishwa nini na walimu wanadhani wamefundisha nini. Leokadia, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alijua kusema "sijui", na usicheke, ni kipaji hicho, jaribu siku moja mbele za watu. Profesa Desideria, mkuu wa idara ya watoto, alijua kufundisha, aliyefundishwa na yeye anakwenda na somo lake mpaka kaburini. Na Oswini, kiongozi wa darasa la kina Leokadia, alikuwa na mikono, mikono myepesi, na mdomo pia, ila mdomo wake tutaufikia.

Wa tano ni Sekela. Sekela hakuwa na kipaji chochote, alikuwa na tumbo la miezi saba, miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne, na hofu. Huyu ndiye mwenye hadithi, mshikeni yeye msimwachie.

Basi Akwilina akatunga dodoso la maswali arobaini. Swali la ishirini na saba liliuliza: mtoto akizaliwa halii wala hapumui, umefundishwa namna ya kumpa pumzi? Na chini yake kimstari: nani alikufundisha? Swali hilohilo akawageuzia walimu: wewe unalifundisha? Kama si wewe, ni nani? Madaktari wakamcheka, tazameni, mwalimu wa chaki anataka kutupima. Yakarudi makaratasi tisini na sita ya wanafunzi, na tisini na tano yamejibu ndiyo, vizuri sana, tulifundishwa na walimu wetu wapendwa. Maneno yaleyale, mpaka hilo "wapendwa".

Maana pale chuoni kulikuwa na desturi, na hapa mnisikilize vizuri. Dodoso likija, kiongozi wa darasa anajaza la kwake, analipiga picha, anaitupa kwenye kundi la simu: jazeni hivi tumalize. Hawakuwa watu wabaya. Walimu wakiaibika si watawakamia, si watapigwa sapu, ule mtihani wa kurudia? Kwa hiyo kila mwaka chuo kiliwauliza wanafunzi, na kila mwaka alijibu mtu mmoja.

Na walimu je? Walimu wa wodi ya wazazi wote waliandika, hilo hufundishwa na idara ya watoto. Walimu wa watoto wote waliandika, hilo hufundishwa na idara ya wazazi. Yaani mtoto akiwa tumboni ana mwenyewe, akifika wodi ya watoto ana mwenyewe, ila pale katikati, anapotoka tu, zile dakika mbili tatu, jamani, hakuwa wa mtu.

Mkubwa wake Akwilina alipoona lile karatasi moja lililokataa kufanana na mengine akamwambia, "Hilo litupe. Moja katika tisini na sita ni mtu aliyekosea kuweka vema. Andika asilimia tisini na tisa, tukanywe chai."

"Mzee," Akwilina akasema, "hawa tisini na tano wamejaza karatasi. Huyu mmoja amejibu swali."

"Mkataba wako si unaisha mwezi ujao, Akwilina?"

"Unaisha, mzee."

"Na anayeusaini ni nani?"

Akwilina alilikunja lile karatasi akaliweka ndani ya bahasha ya kikao kikuu cha chuo. Mkataba haukusainiwa. Na Sekela wakati huo yuko kwao bondeni anahesabu mateke ya mtoto kwa vidole, yakipungua moja anaanza upya, hajui kama kuna mtu anaitwa Akwilina.

Sasa lile karatasi moja liliandikwa na nani? Na Leokadia. Siku ya kujaza, wenzake wote wameinamia simu wananakili, yeye anaandika, anafuta, anaandika. Oswini akamkuta.

"We Leokadia, mbona unatunga insha? Picha si nimeituma?"

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Sijafundishwa, Oswini. Na wewe hujafundishwa."

"Kwani nani kasema tumefundishwa? Tunajaza tu! Unataka kutupalilia makaa darasa zima?"

Leokadia akalifunika karatasi kwa kiganja, akaendelea. Aliandika hivi: Hapana. Wodi ya wazazi tuliambiwa tutafundishwa kwa watoto. Kwa watoto tukaambiwa tulishafundishwa kwa wazazi. Ule mpira wa kupulizia pumzi nimeuona kabatini, sijawahi kuushika. Baada ya wiki sita tunaanza zamu wodi ya wazazi. Naogopa.

Karatasi halikuwa na jina, lakini darasa lina macho. Liliposomwa kikaoni, kabla ya jua kuzama alishabandikwa jina, Daktari Naogopa. Akiingia bwalo la chakula wanaitana, "Mpisheni Daktari Naogopa, asije akaogopa maharage!" Na aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote ni Oswini. Watu aliokuwa akisoma nao wakahamia meza nyingine. Akasoma peke yake. Na huko bondeni tumbo la Sekela limeshuka, mama mkwe wake analitazama anasema huyu hafiki mwisho wa mwezi, na Sekela anacheka kwa mdomo tu.

Kikaoni mambo yalikuwa hivi. Karatasi limesomwa, walimu wa wazazi wanawatazama wa watoto, wa watoto wanawatazama wa wazazi, kila mmoja anangoja mwenzake aseme ni letu. Profesa Desideria akasimama. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, sherehe yake ilishapangwa, na bango lenye picha yake lilishachapwa.

"Miaka saba," akasema, "nimetia sahihi kwenye daftari za wanafunzi kwamba hili wamefundishwa. Sijawahi kulifundisha. Sikuuliza nani analifundisha. Niliona sahihi ya wenzetu wa wazazi juu, nikaweka yangu chini. Nadhani na wao waliona yangu."

"Profesa, keti tafadhali," mwenyekiti akamwambia, tena kwa adabu. "Tutaunda kamati."

"Undeni. Kamati inaweza kungoja, mtoto hangoji. Alhamisi nitaanza."

Na kweli Alhamisi akaanza. Akaja na mwanasesere wa plastiki na ule mpira, akautoa kabatini mwenyewe, bado una vumbi. Vidole vyake vilikuwa vinauma baridi yabisi, ukiviona vimepinda kama tangawizi, lakini aliminya. Kidevu kisiinamishwe, kisitupwe nyuma, kiwe kama cha mtu anayenusa ua. Barakoa ifunike pua na mdomo, isifunike macho. Minya, achia, achia. Minya, achia, achia. Kifua kisipopanda usikimbilie kuminya kwa nguvu, rudi kwenye kidevu. Mwanafunzi mmoja mmoja, mpaka apate. Oswini alirudishwa mara kumi na moja, maana alikuwa na haraka.

"Mwanangu," Profesa akamwambia, "unapuliza tairi la baiskeli au unampa mtu pumzi?"

Darasa likaangua kicheko, na Oswini, mwenye kucheka wenzake, akaona uchungu wake. Akarudia tena. Alhamisi nne zikapita hivyo. Ile sherehe ya kustaafu haikusemwa tena, ukuu wa idara akapewa mwingine, na bango likaviringishwa likawekwa stoo. Wenye chuo walisema ni utaratibu.

Siku ya Sekela ikafika. Ilikuwa Jumanne, adhuhuri, mvua inapiga bati mpaka watu wanazungumza kwa kupiga kelele. Wodi ya wazazi imejaa, daktari yuko chumba cha upasuaji na mama mwingine, mkunga ni mmoja, na mwanafunzi wa zamu ni Oswini, amesimama ukutani na kalamu. Sheria ilikuwa wazi, imebandikwa mlangoni: mwanafunzi haruhusiwi kumgusa mtoto mchanga bila daktari msimamizi kuwepo, yeye aandike tu.

Mtoto akatoka. Sekela akangoja kilio. Alishaambiwa na wanawake wote wa kwao, ukisikia kilio ujue umevuka. Akangoja. Mvua inalia, yeye analia, mtoto halii. Akainua kichwa akamwona, rangi ya zambarau, mikono imelegea kama nguo iliyolowa, na wakati huohuo damu ikaanza kumtoka yeye mwenyewe, mkunga akamrukia Sekela, ana mikono miwili tu, yote miwili iko kwa mama.

"Dada! Mtoto!" Sekela akapiga kelele. "Mtoto jamani!"

Mkunga hawezi kugeuka. Oswini kalamu imemdondoka. Alitazama mlangoni, hakuna anayekuja. Akamchukua yule mtoto.

Akamkausha haraka kwa kitenge, akamsugua mgongo, kimya. Akachukua mpira, akaweka barakoa, akaminya. Kifua hakikupanda. Akaminya tena, hakikupanda, na Sekela anaona, anaona kila kitu, na anaona mkono wa yule kijana unataka kuminya kwa nguvu zaidi, halafu ukasita. Akarudi kwenye kidevu. Akakisogeza kidogo tu, upana wa punje ya mahindi. Akaminya. Kifua kikapanda. "Minya, achia, achia," anasema kwa sauti, na machozi yanamtiririka, "minya, achia, achia," na Sekela pale kitandani na damu yake anaitikia naye, hajui anaitikia nini, minya, achia, achia, mpaka kikasikika kitu kama paka aliyekanyagwa. Mtoto wa kike. Analia.

Mkunga aliizuia damu ya Sekela, na ile ndiyo kazi yake, aliifanya kama alivyoifanya kwa wanawake elfu. Oswini alipomkabidhi mtoto alitoka nje kwenye korido akatapika. Jioni alipewa barua ya onyo kwa kumgusa mtoto bila msimamizi, na akaambiwa akirudia atasimamishwa masomo.

Sasa mngesema hadithi imeisha, mtoto amelia, twendeni tukalale. Haijaisha. Imeanza.

Maana kwa ukoo wa mume wake Sekela kuna mila. Mtoto akija kimya halafu akarudishiwa pumzi, hapewi jina la bibi wala la babu. Siku kitovu kinapodondoka anaitwa sikioni, mara moja tu, kwa jina la aliyemrudishia pumzi, na mtu huyo anakuwa mzazi wake wa pili maisha yake yote. Jina ni moja, haligawanywi. Wazee husema pumzi iliyorudi ni mgeni, inasikiliza inaitwaje, ukiikosea jina inajua haijafika kwao, inaondoka.

Sekela alisoma bayolojia mpaka kidato cha nne, alipata C, anajua pumzi haina masikio. Lakini kusoma mbali, na kumpakata mtoto uliyemwona na rangi ya zambarau mbali. Kila akinyamaza kidogo kunyonya, Sekela anamwekea kidole puani. Aseme mila ni uongo, sawa, na ikiwa siyo? Ana mtoto wa kumjaribia?

Walilazwa siku nane ili mtoto aangaliwe. Siku ya pili Oswini akaja kuchungulia, amesimama mbali kama mdaiwa.

"Kaka, ni wewe," Sekela akamwambia. "Nataka nimwite Oswina."

"Mama, usifanye hivyo." Akatikisa kichwa. "Mikono ndiyo yangu, lakini kile kidevu ni Profesa. Mimi nilikuwa naminya kama tairi la baiskeli. Mwite Desideria."

Siku ya nne Profesa akapita na fimbo yake. Sekela akamweleza. Bibi yule aliketi kitandani, akamshika mtoto mguu.

"Mimi, mwanangu? Miaka saba nilitia sahihi ya uongo. Unajua wangapi hawakulia miaka hiyo? Mimi najiuliza kila siku. Nisingesimama kama yule binti asingeandika. Mwite Leokadia."

Leokadia alikuwa wodi ya pili yake, akaja mbio akidhani kuna mgonjwa. Aliposikia akaanza kucheka, akaacha.

"Dada, mimi niliandika naogopa. Ndicho nilichofanya, niliogopa kwa maandishi. Nimeandika hivyo hata kwenye madodoso mengine mwaka juzi, hakuna aliyesoma. Huyu mwalimu wa madodoso ndiye wa kwanza kuuliza akangoja jibu. Mwite Akwilina."

Na Akwilina alikuja hospitalini siku ya saba kuaga, akaelekezwa kwa Sekela, amefunga vitabu vyake kwa kamba, anarudi kwao kutafuta kazi ya kufundisha sekondari. Alimtazama mtoto kwa mbali, akaogopa hata kumgusa.

"Mimi hata damu siwezi kuitazama," akasema. "Niliuliza tu. Kuuliza kunampa nani pumzi? Mwite Oswina, aliyemshika."

Sekela akabaki amekodoa macho. Yaani amezunguka, amerudi pale alipoanzia.

Wodi nzima ikaingilia, mnajua wodi za wazazi. Mama wa kitanda cha dirishani akasema, "Mkono ndio uliotenda! Angesimama ukutani na kalamu yake, hayo maswali yenu yangemfufua?"

"Mkono uliofundishwa na nani?" akadakia mwingine anayenyonyesha mapacha. "Mkono mtupu ungemvunja kifua."

"Nyie, aliyefundisha ndiye aliyeacha kufundisha miaka saba! Umzawadie mtu kwa kuzima moto aliouacha mwenyewe?"

"Lakini alisema mbele za watu, mbona wengine hawakusema?"

"Alisema kwa sababu binti aliandika."

"Na binti aliandika kwa sababu aliulizwa!"

"Aa, na huyo wa kuuliza yeye analipwa kuuliza, ni kazi yake."

"Mkubwa wake naye alilipwa, mbona alitaka kulitupa? Na kazi yenyewe si ndiyo imemponyoka kwa kuuliza huko?"

Wakabishana mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha, na yeye aliponyamazisha akaegemea kitanda akaanza kutoa hoja zake.

Asubuhi ya siku ya nane kitovu kikadondoka. Kilikuwa kimekauka, kidogo, kiko kwenye kikunjo cha nepi, na Sekela alipokiona akamwekea mtoto kidole puani. Mama mkwe ameshafika kutoka bondeni, amevaa khanga mpya, ameleta maji ya mtoni kwenye kibuyu kama mila inavyotaka. Akampangusa mtoto paji la uso. Akamlaza mapajani mwa Sekela, sikio la kulia juu.

"Mama," Sekela akasema, "ni wanne. Mila inasema mmoja, na huyu wamemleta wanne."

Mama mkwe akafikiri sana. Si mwanamke wa papara.

"Mwanangu, mimi nilizaa watoto sita, wawili wakaja kimya wakaenda kimya, sikuwa na wa kumwita. Wewe unalia una wanne." Akamfuta machozi kwa upindo wa khanga. "Siwezi kukuchagulia, sikuwepo. Ulikuwepo wewe. Inama, mwite."

Sekela akainama. Wodi imetulia, hata wale mapacha. Mdomo wake umegusa sikio, lina joto, lina vinyweleo vidogo kama vya pichi, na kifua cha mtoto kinapanda, kinashuka, kinapanda. Amevuta pumzi aseme. Ana jina moja tu la kutoa, na akishalitoa halirudi.

Nami namwachia hapohapo, ameinama, maana siwezi kumsemea. Mnaonisikiliza mjaribu nyinyi. Mwondoe yeyote kati ya wale wanne, mwondoe kabisa, kisha urudi wodini ile Jumanne ya mvua usikilize kama mtoto analia. Halafu mrudishe, umwondoe mwingine.

Umemaliza? Haya, sikio la mtoto liko wazi. Je, ungekuwa Sekela, ungemwita nani?